Mchi Ukutani

Kwanza binti aliona kandambili. Mguu mmoja wa jirani yake ulivaa nyekundu, wa pili ulivaa ya bluu, na ile ya bluu ilikuwa ya binti.

"Bibi, hiyo ni yangu," binti alisema kwa sauti ndogo.

Jirani aliendelea na safari yake ya bombani, bega likisugua ukuta, kana kwamba ua wote ni wake.

"Imeandikwa jina?"

Wapangaji walimwita jirani huyo Bi Mchi, kwa mchi wake usiomtoka mkononi. Binti alikuwa mwenye haya. Asubuhi alimwamkia kwa kuinamisha kichwa tu, naye Bi Mchi alimpita kama anapita nguzo. Maji machafu Bi Mchi alimwaga popote. Juzi yalitua kwenye beseni la mashuka yaliyokwisha kusuuzwa. Binti aliishi kwa kufua nguo za watu. Aliyafua upya huku machozi yakimtoka.

Lakini ubaya wenyewe ulikuwa wa jioni. Binti alikuwa akijiandaa kubatizwa. Shule aliiachia njiani, kwa hiyo Biblia aliisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Vyumba vyao vilitenganishwa na ukuta mwembamba. Akijikwaa tu, du! Mchi ukutani. Akijikwaa tena, du!

Naye akaanza kulipiza. Kila alipomaliza sura, aliongeza zaburi moja ya kuwalaani maadui, akiisoma huku ameukazia macho ukuta.

"Umefika wapi?" mwalimu wa ubatizo alimuuliza.

"Injili tatu nimemaliza. Sasa niko kwa Lazaro."

"Na yule jirani yako?"

"Namwombea."

"Unamwombea nini?"

Binti alitazama vidole vyake vilivyochubuliwa na sabuni.

"Ahame."

Mwalimu hakucheka. "Kusoma unasoma, binti yangu. Kukua bado. Jumapili huingii majini mpaka mpatane."

Binti alirudi amefura. Bi Mchi alikuwa bombani, ndoo yake imejaa hadi inamwagika, naye ameduwaa tu.

"Kwa ajili yako sibatizwi! Nakwenda kwa mwenye nyumba, akutoe!"

Mwenye nyumba hakuwa na simile. Mzee wa chumba cha mwisho alitolewa mara alipoanza kutembelea magongo. Eti hapa si hospitali.

"Umwambie nini?" Bi Mchi aliuliza.

"Yote! Kandambili, maji, mchi wako!"

"Thubutu, mmbea wewe! Thubutu uone!" Lakini aliiacha ndoo pale pale, bega likatafuta ukuta.

Jioni ile binti hakufungua kitabu. Wala iliyofuata. Ukuta ukanyamaza pande zote mbili.

Asubuhi mchi uligonga mlango wake. Binti akafungua, ufagio mkononi, tayari kwa lolote litakalokuja. Bi Mchi alisimama kizingitini. Alinyoosha mkono wenye kandambili ya bluu kuelekea kwenye fremu ya mlango.

"Chukua kiatu chako. Na mbona umenyamaza?"

"Si ulikuwa unagonga ninyamaze?"

"Nani kakwambia? Nagonga ukikosea, urudie. Kichwa kigumu kama jiwe la kufulia! Umemwacha Lazaro kaburini tangu juzi, ananuka!"

"Biblia unayo, Bibi. Naiona kila siku juu ya kabati lako. Si usome mwenyewe?"

Bi Mchi alifungua mdomo kutukana, akaufunga. Akasogea mpaka mchi ukagusa ufagio, akashusha sauti, wapangaji wasisikie.

"Mwanangu," alisema, "sioni."