Namba za Hapa Hapa

Mume wa Namalwa alisema yuko ng'ambo, lakini namba alizotumia kumpigia simu zilikuwa za hapa Kenya.

Namalwa alikaa na jambo hilo muda mrefu kabla ya kumwambia mtu. Wakhungu alikuwa ameondoka Kitengela mwaka 2005 na kompyuta ndani ya begi. Alisema ameajiriwa na kampuni ya wazungu ambao hajawahi kuonana nao. Anawaandikia programu, anawatumia kwa intaneti, na wao hawajali analala wapi. Viza ikiisha anahamia mji mwingine. Kwanza ilikuwa Kuala Lumpur, halafu Jakarta, sasa Manila.

"Nani analipwa kwa kuhamahama?" Mumbi aliuliza. Huyu alikuwa jirani wa mlango wa pili, muuza mitumba, na alikuwa ameolewa mara mbili na waongo. "Hata mwenye kuhama na ng'ombe, Mama Sheryl, ng'ombe tunawaona."

"Pesa ya kodi ya nyumba inaingia benki kila mwezi."

"Kajiado pia kuna benki."

"Kwa nini Kajiado?"

Mumbi alikunja suruali aliyokuwa ameishika, akaiweka chini. "Kwa sababu Kimeu wa lori la mawe amemuona huko. Na mwanamke. Sikutaka kukwambia."

Wakhungu alipopiga simu tena, Namalwa hakumsalimu.

"Namba hii ni ya nani?"

"Napiga kwa intaneti, ni rahisi. Simu ikifika huko inatokea kwa laini ya mtu."

"Mtu gani?"

"Hata mimi simjui."

Nyuma yake jogoo aliwika. Kitengela ilikuwa saa nne usiku, na mtoto wao Sheryl alikuwa amelala.

"Hoteli yako iko na jogoo?"

"Mtaa huu kila mtu anafuga. Hawaniachi nilale. Na kichwa kinaniuma wiki nzima, Mama Sheryl. Wakati mwingine hata naona vitu viwili viwili."

"Meza dawa," Namalwa alisema, akakata.

Asubuhi alimsimulia Mumbi, naye akacheka hadi akakaa kwenye marobota yake. "Mtu wa nyumba mbili ni lazima aone viwili viwili."

Jumamosi Namalwa alienda Kajiado na picha ya harusi. Alianzia kwenye bucha karibu na soko, kwa sababu Kimeu alisema ndipo alipomuona. Mwenye bucha, Lesiamon, alikuwa akinoa kisu.

"Supa, mama," alimsalimu kwa Kimaasai. "Nikukatie nini?"

Alimpa picha. Lesiamon alifuta mikono kwenye koti, akaishika kwa ncha za vidole.

"Huyu ni kastoma wangu. Huja na bibi yake, mmoja mnene wa kucheka. Hununua matumbo."

"Mume wangu hali matumbo."

"Labda kwako ndiko hali."

Watu waliokuwa wakingoja nyama walicheka. Namalwa alichukua picha yake akatoka. Hakutaka kumngoja mtu yeyote aje kununua chochote. Jioni alitia nguo zote za Wakhungu kwenye gunia, suti ya harusi ikiwemo, akampelekea Mumbi auze. Mumbi alilipokea bila mzaha.

Jumanne simu iliita wakiwa pamoja. Namba ilikuwa ya hapa, nyingine tena. Aliyezungumza alikuwa mwanamke, kwa Kiingereza cha haraka. Aliuliza kama huyu ni mke wa Wakhungu.

"Na wewe ni nani?"

Mwanamke alianza kujieleza, lakini Namalwa hakumpa nafasi. "Yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko hapa kwetu. Hawezi kuongea. Hatuwezi kuendelea mpaka mtu wa familia akubali, na jina alilotuandikia ni lako."

Mumbi alikuwa amesogeza sikio karibu na simu. Macho yalimtoka. "Ati ukubali," alinong'ona. "Sasa wanataka uwapigie vigelegele vya harusi. Mwambie, Mama Sheryl."

Namalwa alisimama. Alipojibu, alisema polepole ili asikike vizuri.

"Sikubali. Mimi sina mume."

"Mama, tafadhali, usikate, daktari ana—"

"Sasa ameleta na daktari," Mumbi alisema.

Namalwa alikata. Alizima simu, akaifungia kabatini chini ya shuka, na haikutoka hapo hadi Ijumaa. Mumbi alimpikia chai yenye tangawizi nyingi, akamwambia sasa atalala. Na kweli usiku huo alilala.

Kabla ya mwezi kuisha, ndege ya mizigo ilileta jeneza kutoka Manila. Ndugu zake Wakhungu walilipokea, wakalifungua mochari kabla ya safari ya kwenda kumzika Bungoma. Walimwambia Namalwa si lazima atazame. Alisema atatazama.

Begi lililokuja naye lilikuwa na kompyuta, mashati, na viatu vya shule vya Sheryl, saizi ya mwaka uliopita.

Kichwa cha Wakhungu kilikuwa kimenyolewa upande wa kushoto. Mstari wa wino bado ulionyesha pa kupasua. Hakukuwa na mshono hata mmoja.