Insulini ya Saa Saba Mchana

Siku hizi ukivuka miaka arobaini na tano unavalishwa bangili ya kupima insulini. Ikipanda isivyo kawaida mwezi mzima, nesi anaandika kwamba ubongo umeanza kuchoka, na tangu hapo kila kitu chako anakitilia saini mwenzi wako.

Mimi na mume wangu Shekue tunavua bangili tukitawadha, tunaziweka pamoja kando ya beseni. Zinafanana, majina yameandikwa kwa ndani.

Leo nesi kanionyesha chati yangu. Ramadhani nzima, insulini ilipanda kila siku saa saba mchana.

"Nilikuwa nimefunga!" nikasema.

Nikamgeukia Shekue, ambaye kila magharibi alinilisha tende ya kwanza kwa mkono wake. Alikuwa anatazama sakafu.

"Kumbe ulikuwa unakula wewe! Umevaa bangili yangu mwezi mzima!"

Nikaivua niliyovaa, nikasoma ndani. Jina lilikuwa langu. Alishanirudishia.

Nesi akanitazama kwa huruma. "Mama, huenda ulikula ukasahau. Ndivyo inavyoanza."

"Usihangaike, mama Zuhra," Shekue akasema kwa upole, huku akipokea kalamu. "Nitakuwa nakukumbusha."