Meli Inayokwenda Kisiwani

Shaibu alipopiga simu kutoka bandari ya mbali, mkewe Hamisa alipokea kwa kifundo cha kidole, maana ncha za vidole zilikuwa zimeungua kwa mafuta ya maganda ya korosho.

"Nahodha anasema tunapeleka mzigo kwenye kile kisiwa chenye vita," Shaibu alisema. "Manowari za taifa kubwa linalopigana nacho zimekizunguka. Asiyetaka kwenda ashuke leo, ila kazi ndiyo imekwisha."

Hamisa alitazama magunia ya korosho yaliyopangwa hadi dirishani. Msimu huu wanunuzi hawakuja mnadani, kwa kuwa meli zinaogopa vita. Mshahara wa Shaibu ndio uliowalisha watu saba pale Mikindani.

"Nishuke?" Shaibu aliuliza.

Hamisa aliyapa magunia kisogo. "Shuka, baba Rukia."

Shaibu alishusha pumzi. "Nimeshashuka tangu asubuhi. Nilikuwa naogopa kukwambia."

Hamisa alicheka huku machozi yakimtoka, kisha kicheko kikamkatika. Mdogo wake wa tumbo moja alikuwa baharia wa meli hiyohiyo.

"Na Asadi?"

Simu haikukatika. Alisikia upepo wa kule, na honi ndefu ya meli inayong'oa nanga.

"Nilimshika mkono, Hamisa," Shaibu alisema. "Akauchomoa."