Ufunguo wa Bi Karmena

"Wanauliza tena," Marvic alisema akitazama simu. "Wanataka kujua kama mwenye nyumba anakaa hapo hapo."

Bi Karmena aliacha kumenya maharage. "Nani kauliza? Mke au mume?"

"Mume. Tangu juzi alikuwa anaandika mkewe, yule Mdenmaki. Leo kashika simu bwana mwenyewe."

Bi Karmena alitupia jicho saa ya ukutani. Ikifika saa sita mchana wageni hawajathibitisha, nafasi yao ingefutika yenyewe, na tayari ilikuwa saa tano na nusu. Watu wanne, siku kumi, juma la Santa Marija, sikukuu ya Bikira Maria: baba, mama, msichana wa miaka saba na mvulana wa miaka minne. Tangu ombi lao lije juzi, alikuwa hajalala vizuri. Alikuwa amepanda ngazi za ghorofa ya juu, ile ya kupangisha, na magoti yake mabovu mara zisizohesabika, kupima vitanda vya watoto, kubana dirisha linalogonga, kukagua kama nondo za roshani zinapitisha kichwa cha mtoto.

Marvic alikuwa amehamia kisiwani Gozo mwaka huu kutoka kisiwa kikubwa cha Malta, kazi yake kuwatafutia wenye nyumba wageni. Hakumwelewa kabisa mama huyu.

"Wasipokuja hawa watakuja wengine, Bi Karmena. Agosti huku watu wanagombania hata banda la mbuzi."

"Sitaki wengine."

"Basi niwaambie tu ukweli, kwamba unakaa chini?"

"Usithubutu."

Marvic alicheka. "Ni kwa sababu ya wale wageni wa Pasaka, eti? Walioandika kwamba mwenye nyumba ni mkarimu ila mdomo wake hauna breki?"

"Hao hao," Bi Karmena alidakia. "Andika nimesafiri. Nimekwenda kwa dada yangu."

"Na siku zote kumi utakuwa wapi?"

"Hapa hapa jikoni. Nitafunga madirisha, redio sitawasha, nitatembea na soksi. Nitawasikia tu watoto wakikimbia juu ya kichwa changu. Hilo linanitosha."

"Kwa joto la Agosti? Utaiva humu."

"Wacha niive."

Marvic alitikisa kichwa, akaanza kuandika. "Haya, umesafiri. Na ufunguo? Niweke kile kisanduku cha namba ukutani?"

"Kisanduku cha nini? Ufunguo utakuwa mlangoni."

"Huko nje?"

"Kwani huwa unakaa wapi?"

Na kweli, kichochoro kizima kilikuwa hivyo: kila mlango na ufunguo wake umechomekwa kwa nje tangu asubuhi, jirani aingie bila kubisha. Ulichomolewa tu nyumba ikibaki tupu. Mara ya mwisho Bi Karmena kuuchomoa wake ilikuwa miaka kumi na miwili iliyopita, siku ya maziko ya mumewe. Walitoka watatu, yeye na mwanawe wa pekee, na mume jenezani, na jioni akarudi peke yake.

Marvic aliongeza kwamba ufunguo utakuwa mlangoni, akatuma ujumbe, akaweka simu mezani katikati ya maganda ya maharage. Wakangoja.

Saa sita kasoro robo, kimya. Saa sita kasoro dakika tano, kimya. Bi Karmena alikuwa anamenya maharage aliyokwisha kuyamenya. Alijuta kukubali wamuulize lolote. Angewaambia mapema kwamba mwenye nyumba amekufa, wangekuja na moyo mweupe.

Kengele ya kanisa ilianza kupiga. Simu ikatikisika.

"Wamekubali?" Bi Karmena aliuliza.

"Sielewi." Marvic alikunja uso. "Bwana kaandika kitu cha ajabu, tena kwa Kimalta."

"Soma."

"'Ufunguo ukiwa mlangoni, mama yumo ndani. Mwambie akijificha, hatuji.'"