Pasi Mbili za Mama

Siku hizo urithi haukugombaniwa tena. Marehemu akiacha kitu, kilipelekwa ofisi ya kata, mashine ikakitolea pacha wake, mkwaruzo kwa mkwaruzo, na sheria ilikataza mtu yeyote kuambiwa kipi ndicho cha asili.

Ndivyo Mashavu na mdogo wake Tatu walivyogawana pasi ya mkaa ya mama yao, yenye jogoo wa shaba kwenye kifuniko. Lakini siku ile Mashavu alitangulia kufika, akazigusa zote mbili. Moja ilikuwa bado na uvuguvugu wa mashine. Hiyo ndiyo aliyomwachia mdogo wake.

Miaka tisa ikapita. Asubuhi moja Tatu akaja, pasi yake ameifunga kwenye kanga.

“Dada, nimekuja kukuomba radhi. Nikiishika hii namsikia mama kabisa. Siku zote nimejua ya kweli niliipata mimi, nikanyamaza. Tubadilishane, nawe umsikie.”

Mashavu akaitazama rafu, ilipokaa pasi aliyoifuta vumbi kila Ijumaa. Angekubali tu, mambo yangekuwa sawa bila mtu kujua. Mkono haukunyanyuka.

“Kaa nayo, mdogo wangu,” alisema. “Mama angependa hivyo.”

Tatu akaangua kilio, akamkumbatia. “Nani mwingine ana dada mwenye moyo kama wako?”

Kabla ya adhuhuri ndugu wote walikuwa wameshasimuliwa. Shangazi yao akapiga simu kumsifu, na Mashavu akasema ahsante.