Mama Mara Moja

"Mara moja tu," mama alisema. "Nikikosea, naondoka zangu."

Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Waya, aliiweka redio ya gari juu ya meza, akaiunganisha na betri. Kioo chake kidogo kikawaka, kikaonyesha vistari vinne. Kilikuwa kinadai namba ya siri.

Habari za mama huyu zilikuwa zimetangulia kufika. Mafundi wa redio walishambandika jina: Mama Mara Moja. Alikuwa akizunguka karakana baada ya karakana, akiulizia redio za aina moja tu, zile zilizojifunga. Alibonyeza namba nne, mara moja kwa kila redio, akashukuru, akaenda zake. Wengine walisema akili zimemruka. Wengine waliapa kwamba ni askari kanzu.

Waya aliamini la askari. Redio zinazotoka na gari kiwandani hujifunga zenyewe zikichomolewa, zisiseme neno mpaka zipewe namba zake za siri. Kuzifungua ndiyo ilikuwa riziki yake. Hii ilikuwa imebanduliwa ile karatasi ya nyuma yenye utambulisho wake, na fundi yeyote anajua maana ya hilo. Aliyeileta ni shemeji yake, kaka wa mkewe. Waya alipomuuliza ni ya nani, shemeji alicheka kidogo, akasema, "Mwenyewe hana haja nayo tena." Waya akalimeza swali lililofuata. Shemeji ni shemeji. Tangu siku hiyo redio ilikaa chini ya meza, na yeye hakupata moyo wa kuigusa, mpaka leo mama huyu alipoiona mwenyewe akaomba kuijaribu; kumkatalia kungekuwa kukiri.

"Mama, kila redio ina namba yake," alisema, akimpima. "Hakuna namba moja ya kufungua zote."

"Najua, baba."

"Sasa unatafuta nini?"

"Bahati yangu."

Waya akamtazama vizuri. Viatu vyake vilikuwa vimelika upande mmoja, vumbi limempanda mpaka magotini. Askari gani huyu asiyepewa hata nauli?

Mama alitoa miwani kwenye mkoba, akaivaa. Hakusoma popote. Namba alikuwa nazo kichwani. Akabonyeza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne kidole kilisita, kisha kikashuka.

Vistari vikatoweka. Redio ikakwaruza, halafu sauti ya mtangazaji wa mpira ikajaa karakana nzima, akipiga kelele za goli.

Waya aliruka kuizima. Hapo ndipo kila kitu kilipomkaa sawa kichwani. Huyu hakuwa askari wala kichaa. Huyu ni mwenye mali! Aibu ilimpanda mpaka masikioni, lakini nyuma yake ukaja unafuu. Mali ikirudi kwa mwenyewe, neno limekwisha, na shemeji atajijua. Akachomoa nyaya haraka haraka, akaifunga redio kwa kitambaa safi, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama yangu. Mimi ni fundi tu, vitu huletwa hapa. Hii ni yako. Ichukue, yaishe."

Mama hakuipokea. Alikuwa ameushika ukingo wa meza, machozi yanashuka bila sauti.

"Redio baki nayo, baba. Gari nalo nimeshalisamehe. Nipeleke tu kwa huyo aliyekuletea, anionyeshe alipomzika mwanangu."