Chai ya Asumini

Mize alimimina chai vikombe vitatu mbele ya jirani yake Mwanakombo, aliyemwalika kwa mara ya kwanza. Cha iliki akakionja mwenyewe kwanza, kutoa uchawi kama ilivyo ada ya mwenyeji, ndipo akamsogezea mgeni. Cha mchaichai vivyo hivyo. Cha asumini akakisukuma bila kukionja.

"Mbona hiki hujakitoa uchawi?"

"Hicho sikinywi, shoga. Majani yake namwekea mtu."

Mwanakombo alikinusa. Ilikuwa harufu ile ile ya masharubu ya mumewe kila arudipo kutoka barazani.

"Onja," alisema, akimrudishia.

Mize alikitazama kikombe, kisha mlango. "Kitapoa, shoga."

Mwanakombo akakinywa chote. Kisha akajiweka vizuri kitini, naye akautazama mlango.